Maganda Kumi na Manne ya Trabert

Jumapili, 21 Agosti 2022

Leo nimesema uongo wa neno moja. Nauandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Tulikuwa gereji tangu tuliporudi misani — mimi, Babu Eliseo, na Don Onesimo, ambaye kazi yake ni kukaa juu ya ndoo na kuongea. Babu alimsimamia mwana wa Don Onesimo ubatizo zamani, basi wao huitana kompadre. Kwa adabu kabisa. Kisha hutukanana.

Tunajaza risasi za kuwindia elki, yule paa mkubwa wa milimani. Mwaka huu Babu amepata kibali, kwa kura, baada ya kuomba miaka kumi na mmoja. Msimu unafunguliwa tarehe nane Oktoba, siku tano tu. Don Onesimo akasema, "Kompadre, yule elki wako alikungoja mpaka akafa kwa uzee. Utampiga mjukuu wake." Babu akajibu kwamba mjukuu ana nyama laini.

Kazi yangu ni maganda, yale ya shaba yanayobaki risasi ikishapigwa. Babu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa tatu. Sasa anaona tai juu ya mlima, lakini herufi za kwenye kitako cha ganda kwake ni ukungu. Jicho la kushoto ni Novemba. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeosha maganda yaliyokwisha kupigwa, nakagua shingo, nasoma kitako, natenga. Larkin kwenye kopo jekundu la kahawa. Chapa nyingine zote kwenye ndoo (hiyo hiyo anayoikalia Don Onesimo, inabidi umwinue). Babu hutumia Larkin tu. Kipimo chake cha baruti alikipata mwaka 1987, kwa Larkin na kwa bunduki ile ile, akakiandika ukutani kwa kalamu ya seremala. Hajakibadilisha. Anasema ndicho cha juu kabisa bunduki inachokubali, hapo juu yake hakuna nafasi hata ya unywele.

Sanduku linachukua risasi hamsini. Maganda mazima ya Larkin yalikuwa thelathini na sita. Yaliyobaki yalikuwa yamepasuka shingo, yamejazwa mara nyingi mno. Na mapya madukani hayapo, tangu ule ugonjwa wa korona hakuna kitu kwenye rafu.

Ningesema tu: Babu, hayatoshi. Maneno mawili! Lakini Don Onesimo alikuwa katikati ya hadithi ya punda wa shemeji yake, na nikikatiza wote wawili wangegeuka kuniangalia, na nikiangaliwa na watu wawili kwa pamoja koo langu hufunga kama bomba wakati wa baridi. Kwenye ndoo kulikuwa na maganda ya Trabert, ya marehemu kaka yake Don Onesimo. Safi, manjano, mazito mkononi. Nilipima urefu — sawa. Unene wa nje — sawa. Nikadhani herufi ni herufi tu, kama jina lililoandikwa kwenye kiatu. Nikaongeza kumi na manne.

Babu aliuliza (kwake Arcelia ni Chela), "Zote Larkin, Chela?"

"Zote."

Halafu hili, ambalo ndilo baya zaidi. Babu anapima baruti mwenyewe, mizani ya mkono na lenzi. Mimi namimina na kukaza vichwa vya risasi. Kwenye Larkin baruti iliishia mabegani mwa ganda, chini ya shingo. Kwenye Trabert ilipanda mpaka shingoni. Kipimo kile kile. Niliona. Nikagonga ganda kwa ukucha, ikatulia kidogo, nikaendelea.

Jumatano, 24 Agosti

Shule ilianza wiki iliyopita. Asubuhi masomo kwa Kihispania, mchana kwa Kiingereza. Nimekaa kimya kwa lugha zote mbili.

Bibi Fidelia aliniuliza mezani kama mdomo wangu nimeuacha kwenye basi la shule. Nikacheka. Babu ameliweka sanduku la risasi juu ya friji, kama keki ya harusi. Kila anayeingia anaonyeshwa.

Nilijipa moyo: hayo kumi na manne nimeyapanga mwisho wa sanduku. Kwa majaribio na kwa elki mmoja hawezi kufika huko.

Jumamosi, 27 Agosti

 Andika polepole, Arcelia.

Tulienda kulenga shabaha kule kwenye machimbo ya zamani ya changarawe. Don Onesimo aliendesha pikapu, mimi katikati. Jua kali, hakuna upepo, Babu amevaa kofia ya sherehe. Alikuwa anapiga mluzi.

Akafungua sanduku kutoka upande mwingine.

Mimi nilikuwa nashikilia darubini. Nikaona mkono wake ukichukua kutoka kwenye mstari wangu wa mwisho. Nilikuwa na sekunde labda kumi. Sikusema kitu.

Mlio wa kwanza ulikuwa wa kawaida, au nilitaka uwe wa kawaida. Babu akashika komeo la bunduki kulifungua. Likagoma. Likafunguka kwa nguvu. Hakuitazama bunduki. Alitazama mkono wake.

"Vuta, kompadre!" Don Onesimo akamwambia. "Unafungua bunduki au unamwamkia padri?"

Ya pili ikawa ngumu zaidi. Ya tatu alilazimika kugonga komeo kwa kipande cha mbao. Hapo Don Onesimo alinyamaza — na mimi sijawahi kumsikia akinyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Babu hakuweka baruti mara mbili. Babu akasema mara mbili haiingii, ingemwagika mezani. "Basi ulisoma vibaya, kompadre." Babu akaanza kufungasha vitu.

Mimi niliokota maganda. Ndiyo kazi yangu pia. Fataki za kitakoni, zile zinazowasha baruti, zilikuwa zimebanwa bapa, kama zimekanyagwa na gari, na kwenye shaba pembeni kulikuwa na alama inayong'aa. Trabert, Trabert, Trabert. Nikayatia mfukoni. Yalikuwa bado moto.

"Maganda yako wapi, binti?" Don Onesimo aliuliza. "Hebu niyaone."

Nikainua mabega. Akatafuta majanini kidogo, akaacha. Watu huamini mabega yangu kuliko midomo ya wengine.

 Njiani Babu alishikilia kofia magotini.

Jumapili, 28 Agosti

Babu hakwenda misani. Bibi anasema ni tumbo.

Jumanne, 30 Agosti

Babu amebomoa risasi zote zilizobaki, arobaini na saba. Ana nyundo ya plastiki yenye tundu: unatia risasi ndani, unagonga sakafuni, kichwa kinatoka na baruti inamwagika kwenye kikombe. Nilizisikia kuanzia nikiwa kituo cha basi. Tok. Tok. Tok.

Alinipigia kelele niingie. Akamimina baruti ya risasi moja juu ya mizani. "Soma."

Nikasoma. Ilikuwa kipimo cha ukutani, sawasawa. Ya pili sawasawa. Tulipima kumi. Zote sawa.

Babu akaegemea meza. "Unasoma unachoona, au unasoma unachojua nataka kusikia?"

"Ninachoona, Babu."

"Sema kwa sauti."

Sikuweza. Ilitoka kama pumzi tu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema nina moyo mwema, na kwamba uongo wa kumfurahisha mzee si dhambi kubwa.

Kwa hiyo nimesema uongo nikaaminiwa, na nimesema kweli nikahurumiwa. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma hadi Bibi aliponiita kupanga sahani.

Ijumaa, 2 Septemba

Babu ameamua.

Alitueleza wakati wa chakula, maharage na pilipili mbichi, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Baruti ilikuwa sahihi kwenye mizani — labda. Bunduki ilikuwa safi. Fataki ni zile zile. Basi kosa liko kwake, na hajui liko wapi. Alisema mtu akijua kosa lake analirekebisha, lakini asiyejua kosa lake liko wapi asishike baruti. Akamtaja Macario wa bonde la juu, ambaye bunduki ilimpasukia usoni mwaka 1974. Babu na kaka zake ndio waliombeba mpaka barabarani. Macario hakuwahi kuelewa alikosea nini. Aliishi miaka ishirini mingine akijiuliza, kwa jicho moja.

Mashine ya mkono ya kujazia risasi, ile iliyofungwa mezani kwa nati nne, atampa Delfino, mpwa wake. Atakuja kuichukua Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Kibali kitabaki kwenye droo.

Don Onesimo alikuwepo (yupo daima wakati wa chakula). Akaruka: "Nunua za dukani basi, mtu mkaidi! Nitakuendesha mpaka mjini!"

"Nikinunua risasi dukani, si ninunue na nyama dukani. Na wewe ukaile kwa niaba yangu, kompadre, ni kazi unayoiweza."

Kila mtu alicheka isipokuwa mimi na Babu mwenyewe.

Bibi aliniambia jikoni kwamba tangu Jumamosi Babu anaogopa hata kumimina kahawa. Anauliza, "Imejaa?" Yeye! Aliyekuwa anamimina baruti akiimba.

Nitamwambia. Lakini kwanza nataka kujua kama ni kweli. Sijui hasa kama Trabert ndiyo sababu. Nimeona baruti ikipanda shingoni, basi. Inawezekana ni joto. Inawezekana ni Babu kweli. (Nimeandika hilo la mwisho na nimeona aibu. Silifuti.)

Jumatatu, 5 Septemba

Sikukuu, hakuna shule. Tumechoma pilipili magunia matatu, pipa la chuma linazunguka juu ya moto, mtaa mzima unapiga chafya. Babu alikaa mbali kwenye kiti. Kwa kawaida yeye ndiye hugeuza pipa.

Nikiwa namenya nilifikiria hivi: nje maganda yote mawili ni sawa, lazima yawe sawa, yanaingia kwenye chemba moja ya bunduki. Kama Trabert ni zito zaidi, ile shaba ya ziada imekaa wapi? Haiwezi kukaa nje. Imekaa ndani. Imechukua nafasi ya baruti. Kuta nene, chumba kidogo. Moto ule ule ndani ya chumba kidogo — presha inapanda.

Vidole viliniwasha mpaka jioni, nikajisahau nikagusa jicho. Bibi alisema angalau leo nimetoa sauti.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimepima! Babu alikuwa kwa daktari wa macho na Don Onesimo.

Unapima ganda kavu kwenye mizani. Unalijaza maji hadi ukingoni, unapima tena. Tofauti ndiyo nafasi ya ndani. Kwa kujazia nilitumia kichupa tupu cha dawa ya macho ya Babu, kinatoa tone moja moja. Lazima utazame kutoka ubavuni: maji yasiinuke kama kipara, yasizame kama kijiko. Kipovu kikikwama ndani, unagonga. Mizani ya Babu ni ya greni, kipimo cha watu wa risasi. Gramu moja ni kama greni kumi na tano na nusu.

Nilichukua moja kati ya yale matatu ya mfukoni, Trabert. Na Larkin moja iliyopasuka shingo, nilishaiosha na kuipitisha kwenye mashine. Tundu la fataki na ule ufa nikaviziba kwa nta ya mshumaa.

Trabert imechukua maji MENGI zaidi. Nusu greni zaidi!

Basi si mimi! Chumba chake si kidogo. Nimecheka peke yangu gerejini. Nimekula tortilla nne.

Ijumaa, 9 Septemba

Sikulala vizuri. Nilijua tangu jana kwamba kipimo changu si cha haki, nilijua nikiwa naziba ile nta. Sikutaka kujua.

Ganda likipigwa huvimba, hujaa chemba yote. Ndiyo maana kabla ya kulijaza tena unalipitisha kwenye mashine, ili lirudi umbo lake. Ile Trabert ilikuwa imetoka kupigwa, imevimba. Ile Larkin ilikuwa imeshabanwa. Ni kama kupima watu wawili, mmoja kavaa viatu na mwingine yuko miguu mitupu, halafu useme huyu ni mrefu.

Nilimuuliza mwalimu wa kemia, Bi Archuleta, baada ya kengele. Sikusema ni maganda, nilisema chupa. Chupa mbili, nje sawa, uzito tofauti. Akasema kabla ya kulinganisha chochote lazima zote mbili ziwe zimepitia mambo yale yale. Kisha akasema, "Arcelia, hilo ni swali zuri, kwa nini hukuuliza darasani?" Nikainua mabega.

Jumapili, 11 Septemba

Wote walikuwa misani, mimi nikasema tumbo.

Nilikumbuka mfuko wa mwaka jana, ule wa kuwinda paa Novemba: maganda ambayo hayajaoshwa, yamepigwa na bunduki hii hii, fataki zilizotumika bado ziko kitakoni. Larkin tupu. Sasa yote yamevimba ndani ya chemba moja. Nikachagua matatu yenye shingo nzima. Matatu kwa matatu.

Kavu:
Larkin — 182, 181, 182
Trabert — 201, 200, 202

Karibu greni ishirini za shaba! Mkononi unahisi, ukishajua.

Maji:
Larkin — 69.4, 69.5, 69.3
Trabert — 67.1, 66.9, 67.0

Nikarudia yote. Nikakausha kwa kikaushia nywele cha Bibi, nikarudia tena. Inatofautiana kwa pointi moja, mbili, basi. Trabert ina nafasi pungufu kwa greni mbili na nusu hivi. Si ganda baya. Ni imara kuliko Larkin, mtu anayelijua angeanza chini na kupanda taratibu. Lakini kipimo cha ukutani kilitafutwa kwa Larkin, kikapandishwa mpaka ukomo wa Larkin. Hakukuwa na nafasi hata ya unywele, na mimi nimeondoa greni mbili na nusu.

Babu hakukosea kitu. Mkono wake ulikuwa sahihi, jicho lake na lenzi yake vilikuwa sahihi. Kosa liko wapi — naweza kuliweka mezani, linapimika.

Nilidhani nikijua nitapata nafuu. Zimebaki siku sita kabla ya Delfino.

Jumanne, 13 Septemba

Nilijaribu leo. Babu alikuwa anapaka mashine mafuta ili ifike kwa Delfino ikiwa safi. Nilisimama mlangoni. Nikasema, "Babu."

"Naam, Chela."

"Babu, yale maganda—"

"Yachukue. Yote. Kauze chuma chakavu, ununue kitu kizuri." Hakugeuka. Kisha akasema jambo ambalo sitaki kulisahau wala kulikumbuka: kwamba mwaka huu wote, macho yakiwa hivi, kitu kimoja hakikumtia wasiwasi, nacho ni kazi yangu. "Ningekuwa na macho yako nisingekosea."

Nikasema sawa. Nikasema SAWA.

Jumatano, 14 Septemba

Nimeandika kwa kalamu nene juu ya kadibodi, herufi kubwa kama za duka la matairi. NILICHANGANYA MIMI. Nikaiweka juu ya meza ya gereji kabla ya basi.

Nimerudi. Babu ameweka kopo la grisi juu yake. Ni kweli, kwa karibu haoni, hata herufi za duka la matairi.

Nimeitoa nikaichoma kwenye jiko.

Alhamisi, 15 Septemba

Hakuna cha kuandika. Mvua.

Jumamosi, 17 Septemba

Naandika haraka, jikoni. Wako nje.

Delfino alifika saa nne asubuhi na spana zake. Mtu mkubwa, mwenye njaa, mwema. Kabla ya kusalimia vizuri alishamuuliza Bibi, "Shangazi, hiyo harufu ni ya nguruwe au naota?" Bibi akasema kazi kwanza. Don Onesimo alikuwa juu ya ndoo yake tangu saa tatu, eti aage mashine.

Babu alisimama pembeni, mikono nyuma. Delfino akalala chini ya meza, akaanza kufungua. Nati ya kwanza ikalia. Akaiweka mezani. Ya pili.

Mimi nilikuwa na maganda mawili mkononi, Larkin na Trabert, nimeyajaza maji jikoni, na daftari kwapani. Mpango ulikuwa kumvuta Babu pembeni. Hakuna pembeni kwenye gereji ile. Nikayaweka juu ya meza, wima. Likamwagika moja. Wote watatu wakageuka.

 Nikampa Babu daftari. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akalirudisha. "Mwanangu, siwezi kusoma hiki. Sema."

Don Onesimo akanyoosha mkono, "Lete nimsomee." Na nusura nimpe! Ilikuwa rahisi hivyo. Angesoma yeye kwa sauti yake kubwa na mimi ningeinua mabega.

Nilisema: "Hazikuwa zote Larkin."

Baada ya hapo yalitoka ovyo, lugha mbili zimechanganyika, nyuma mbele. Kumi na manne. Hayakutosha. Trabert za kwenye ndoo. Chumba ni kidogo ndani. Nilipima kwa maji. Baruti ilikuwa sawa, Babu, ilikuwa sawa siku ile na kila siku. Nilificha yale matatu mfukoni. Delfino alikuwa ametoa kichwa chini ya meza, spana mkononi, mdomo wazi.

"Rudia," Babu akasema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa kwa sauti. Nadhani Bibi alisikia huku jikoni, kwa sababu mwiko uliacha kugonga chungu.

"Tangu lini unajua?"

"Kwamba nilichanganya? Tangu siku ile. Siku ishirini na saba."

Alihesabu, niliona midomo yake. Kisha akasema, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira: "Siku ishirini na saba nimekuwa kipofu na mjinga. Na wewe ulijua kuwa mimi ni kipofu tu."

  Delfino akauliza kwa heshima kama aendelee kufungua au asubiri kidogo. Babu alikuwa ameshageukia meza. Delfino akaenda jikoni kula.

Babu akavuta kopo la maganda aliyoyabomoa. Nilisogea, kwa mazoea, kumsomea vitako. Akaniwekea kiganja mbele, hivi tu, kama unavyomzuia mtu asivuke barabara.

"Kompadre," akasema, "inuka kwenye hiyo ndoo. Nisomee."

Don Onesimo alinitazama mimi, akamtazama yeye, akavaa miwani. Akasoma vitako, kimoja kimoja. "Larkin. Larkin. Hii Trabert. Larkin." Alisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza na hakufanya mzaha hata mmoja. Thelathini na sita huku, kumi na moja kule. Babu akaniuliza, bila kugeuka, matatu yako wapi. Nikayatoa: mawili mfukoni, la tatu lile la mezani. Nilikuwa nayo. Akapitisha kidole gumba juu ya fataki zilizobanwa, akaguna.

Halafu akachukua Larkin moja kwa mkono wa kushoto na Trabert kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akazipima hivyo hivyo, juu chini. Akabadilisha mikono.  "Hata kipofu angejua," akasema. Sikujua anamwambia nani.

Amejaza risasi tano, Larkin tupu, kipimo cha ukutani. Mashine ikiwa na nati mbili tu, inacheza, ameishikilia kwa nyonga. Don Onesimo alisoma mizani. Mimi nilisimama karibu na mlango, mikono imening'inia, sijawahi kujua kwamba mikono ni mizito hivi. Kwenye risasi ya tatu Don Onesimo alisoma namba, na mimi kutoka mlangoni niliona mshale haujatulia. Nikasema, "Bado." Kwa sauti. Babu akasubiri. Mshale ukatulia pointi mbili chini. Akaongeza chembe kadhaa kwa ncha ya kisu, akaendelea. Hakusema asante, hakusema nyamaza.

Nilikuja jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda. Delfino yuko kwenye sahani ya tatu. Amenong'ona kwamba yeye hiyo mashine hata hajui kuitumia, alikuja kwa sababu hakutaka mjomba akataliwe. Bibi ameniwekea sahani na hajasema neno kuhusu mdomo wangu.

Sasa wanapakia, wanarudi machimboni kujaribu. Bunduki, darubini, mfuko wa mchanga, zile risasi tano ndani ya kikombe cha kahawa. Don Onesimo ameshawasha pikapu. Anapiga honi, na kutoka dirishani namwona Babu ameketi upande wake, ukingoni kabisa karibu na mlango, kofia kichwani, anatazama mbele. Amesogea sana. Katikati ni patupu.

Mlango wa pikapu upande wake uko wazi. Hajaniita. Hajaufunga pia.

Bibi anasema, "Arcelia, weka kalamu, hicho kiti cha katikati ni cha—"